Mimi si simu yenu

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 15 na msichana wa miaka 9. Kilichonifanya nikuandikie ni huyu mkubwa.

Mpaka mwaka jana alikuwa mtoto wa kusimulia. Akirudi shule ananifuata hadi jikoni, mkoba bado mgongoni, anaanza: nani kagombana na nani, mwalimu yupi kachekesha darasa, nani kahamishwa dawati. Wakati mwingine nilikuwa namwambia hebu nyamaza kidogo nipumue. Sasa ndiyo nayalipia maneno hayo. Akiingia nyumbani kinachosikika ni mlango wa chumba chake. Nikimuuliza shule ilikuwaje, "Poa." Nikimuuliza una nini, "Sina kitu." Chakula anapakua, anakwenda kula chumbani.

Alama zimeshuka, hesabu ndiyo usiseme, na mtihani wake mkubwa umebaki miezi sita. Usiku wa manane taa yake bado inawaka, asubuhi kumwamsha ni vita. Halafu kuna kichwa. Kila Jumapili jioni kinamuuma mpaka anajifunika shuka usoni. Tumempeleka hospitali, wamempima damu, wamempima macho, hawakuona kitu. Baba yake anasema anajisingizia ili asiende shule.

Nilimnyang'anya simu wiki tatu nikidhani ndiyo chanzo. Akazidi kununa. Na nikuambie ukweli, ilipokuwa mikononi mwangu nilisoma ujumbe wake. Sikukuta ulevi wala mapenzi. Nilikuta amemwandikia rafiki yake: "Nikimaliza shule nahama mbali, wasinitafute." Nilikaa kitandani nikalia.

Sitaki kukuficha kwamba mimi na baba yake hatuko sawa. Alichukua mkopo mkubwa bila kunishirikisha, nikaja kuambiwa na watu, na tangu hapo ni miezi minane. Lakini hatupigani wala hatutukanani, watoto hawajawahi kutusikia tukifokeana. Tumenyamaziana tu. Likitokea la lazima namtuma mtoto amwambie baba yake, na baba yake hivyo hivyo. Tumeshaizoea hali, nyumba ina utulivu.

Wiki iliyopita nilimwambia: nenda kamwambie baba yako kuna fomu ya shule ya mdogo wako inataka saini yake, na leo asisahau kama kawaida yake. Akasimama pale mlangoni, akanitazama, akasema bila kupaza sauti, "Mama, mimi si simu yenu." Akatoka. Akarudi saa nne usiku. Baba yake akavua mkanda, nikaingia katikati.

Shemeji yangu anasema nimemdekeza, samaki mkunje angali mbichi. Mama yangu mzazi anasema ni balehe tu, itapita. Nimebaki katikati yao sijui nimsikilize nani. Nifanye nini aongee nami kama zamani? Na kwa kauli ile, nimwadhibu au niiache?

Mama wa nyumba tulivu

JIBU

Mama wa nyumba tulivu, usimwadhibu. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linalokusubiri leo. Kwa miezi minane watu wazima wawili mmeshindwa kusema sentensi moja ya kweli kuhusu kinachoendelea nyumbani kwenu. Ameisema mtoto, kwa maneno manne ukiondoa "Mama", na sauti hakupaza.

Kutoka bila kuaga na kurudi saa nne usiku ni kesi nyingine. Hiyo ina mazungumzo yake, na mkiona inafaa ina hata adhabu yake: wiki moja arudi mapema, basi. Mwambie waziwazi kwamba ulichokasirikia ni kutojua alipo, wala si alichosema. Na mkanda urudi kiunoni. Akichapwa siku aliyosema kweli, safari nyingine atanyamaza, na kwa somo la kunyamaza tayari ana walimu wawili humo ndani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Simu, alama, usingizi na kichwa umevieleza kwa kirefu. Ndoa umeipitia mbio mbio, ukaifunga na "tumeshaizoea hali". Mlioizoea ni akina nani? Wewe una chumba chako cha kununia na mumeo ana chake. Anayetembea katikati ni mmoja tu.

Hebu tuitazame hiyo safari yake, kwa sababu nadhani hujawahi kuitazama. Wewe umemwambia: kuna fomu inataka saini, na leo asisahau kama kawaida yake. Sasa kijana yuko ukumbini, ana hatua kumi za kufikiri. Akimfikishia baba maneno yote kama yalivyo, baba atakunja uso, pengine atarudisha jibu lenye mwiba zaidi, na huo mwiba itabidi aubebe kuuleta kwako. Akiondoa "kama kawaida yake", ameudanganya upande mmoja ili kuulinda upande mwingine. Kwa hiyo anahariri. Anang'oa miiba, analainisha, anachagua saa ya kupeleka, anasoma uso wa baba kabla ya kufungua mdomo, akirudi anasoma wako. Ukitaka kujua kwa nini mtoto huyu hana tena hadithi za shule, kumbuka kwamba kinywa chake mmekipa kazi nyingine. Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Kwamba anachoka, hawakusema.

Daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, aliyetumia miaka mingi kuchunguza familia, aliita jambo hili pembetatu: watu wawili wakishindwa kubeba mvutano wao, humvuta wa tatu ili ukae mahali. Mara nyingi huyo wa tatu ni mtoto, na mara nyingi ni yule msikivu, yule mliyekuwa mkimsifia.

Najua utaniambia hamfokeani. Wazazi wengi wanaamini mtoto huumizwa na kelele tu. Mwanasaikolojia E. Mark Cummings na wenzake, ambao kwa miongo kadhaa wamechunguza jinsi ugomvi wa wazazi unavyowafikia watoto, walikuta kwamba kununiana nako kunawatia watoto wasiwasi, hata pasipo neno kutamkwa. Mimi naona sababu yake ni rahisi. Kelele zina mwanzo na mwisho, mtoto anajua sasa wanagombana, sasa wameacha. Kimya hakina kengele ya kumaliza. Kila asubuhi anaamka anasikiliza vikombe na milango kujua leo ni siku gani.

Watafiti hao hao walikuta pia jambo la kutia moyo: ugomvi unaoishia kwa suluhu ya kweli hauwaachi watoto na dhiki ile ile. Hata wasipoona suluhu yenyewe, kuambiwa tu kwamba yamesuluhishwa kunasaidia. Kwa hiyo sikuambii lazima umsamehe mumeo mkopo wake. Wewe una haki ya kukasirika, na huo mkopo mnapaswa kuuzungumza mpaka mwisho, kwa sauti kama ikibidi, mtoto akiwa hayuko kati.

Nije kwa kichwa. Mumeo anasema anajisingizia. Mwambie, wewe mwenyewe na si kwa kupitia mtu, kwamba vipimo kutoonyesha kitu hakumaanishi maumivu hayapo. Mwili ulio katika tahadhari hutoa adrenalini na kotisoli, homoni za msongo, misuli ya shingo na mabega hukaza, tumbo husokota. Ni maumivu kamili kama ya jino. Swali langu ni kwa nini Jumapili. Ndiyo siku nyote wawili mko nyumbani kutwa, na ndiyo mkesha wa shule. Chukua kalenda, wiki nne, weka alama kila siku kichwa kinapouma na uandike pembeni nani alikuwa nyumbani na nini kilitokea. Huenda ukaona mchoro. Ila kichwa kikimwamsha usingizini, au kikija na kutapika asubuhi, au macho yakaanza kuona vibaya, mrudisheni hospitali bila kungoja kalenda.

Usingizi hautaniweka sana. Katika umri wa kubalehe mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni ya usingizi, kwa hiyo kijana wa miaka 15 kweli hasikii usingizi saa mliyozoea kumlaza alipokuwa na miaka 9. Wakati huo huo wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Hesabu haitoshi, na simu mkononi inaizidisha ubaya. Mrudishie simu yake, kisha mkubaliane simu zote za nyumba zilale sebuleni. Nimesema zote. Yako na ya baba pia.

Mtihani nao: acha kuutaja kila mnapokutana. Anajua ni miezi sita. Muulize mara moja tu, ni somo gani angependa msaada na kutoka kwa nani, halafu ongea na mwalimu wake, umwambie nyumbani kuna jambo la watu wazima bila kumfungulia kabati lote.

Mama yako amesema balehe, na nusu yake ni kweli. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka mtu anapofika katikati ya miaka ya 20, ilhali hisia hupanda kasi mapema zaidi. Kujifungia, kujibu mkato, kuona aibu ya wazazi, hayo ni ya umri. Lakini mtoto aliyebadilika kwa miezi, alama zikashuka, maumivu yakaja kwa ratiba, huyo hatumwachii balehe peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Sisemi wako ni mmoja wao. Nasema "itapita" si kipimo.

Na shemeji yako mwambie samaki wa methali hiyo ameshavuliwa. Wako bado anaogelea.

Sasa ule ujumbe. "Nahama mbali, wasinitafute" yaweza kuwa ndoto ya kawaida ya kijana aliyechoka na nyumba. Wengi wetu tuliwahi kuiota. Yaweza pia kuwa mzito zaidi. Hutajua kwa kukisia wala kwa kupekua tena. Utajua kwa kumuuliza, na utamuuliza kwa maneno yenyewe: "Kuna wakati unatamani usiwepo kabisa? Umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wanaliogopa swali hili wakidhani linampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zimeliangalia jambo hilo na hazikukuta kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye mtu amethubutu. Akijibu ndiyo, usimhutubie wala usimwapize. Msikilize, usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vyenye makali alipo, na siku hiyo hiyo mwende kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Fanya hivyo hivyo ukiona anagawa vitu vyake anavyovipenda, anajikata, au anasema mngekuwa na nafuu bila yeye.

Ndiyo, itabidi ukiri kwamba ulisoma. Nami niliwahi kusoma daftari la binti yangu. Nilijiona mjanja, sikumwambia, nikawa nachomeka maswali kimya kimya. Siku ya pili tu nikamuuliza habari za mtu ambaye hakuwahi kunitajia jina lake. Alinitazama, akaondoka mezani. Zilipita zaidi ya siku mia bila kuniambia lolote la maana, nami nilistahili. Kwa hiyo sema mapema: "Nilisoma ujumbe wako nilipokuwa na simu yako. Nilikosea. Niliona ulichomwandikia rafiki yako, ndiyo maana nauliza." Ukishasema usijitetee.

Lakini kabla hujafika kwa kijana, kazi ya kwanza iko kwa mumeo. Unataka kujua namna ya kumfungua mdomo mtoto, na mimi nakwambia mdomo wa kufunguliwa kwanza ni wako. Kama kuongea uso kwa uso kumekuwa kugumu, mwandikie. Usianze na mkopo, ukianza na mkopo barua nzima itakuwa ya mkopo. Andika kitu kama hiki:

"Baba, mtoto ametuambia yeye si simu yetu, na amesema kweli. Kuanzia leo nikiwa na neno lako nitakuletea mwenyewe, hata kama ni kwa ujumbe. La mkopo tulizungumze Jumamosi watoto wakiwa hawapo, na tukishindwa tutafute mtu mmoja tunayemheshimu wote atukalishe chini."

Huenda asijibu. Huenda akajibu kwa kumtuma mtoto, maana mazoea hayakatiki kwa barua. Basi wewe katiza upande wako, na waya uliokatwa upande mmoja haupitishi kitu. Kijana akija na "Baba kasema...", mwambie kwa upole: "Asante, nitamuuliza mwenyewe. Hiyo si kazi yako tena." Usiulize baba alisema kwa uso gani. Usigune. Mguno nao ni ujumbe, atajikuta anaubeba.

Na umwangalie yule wa miaka 9. Mjumbe mmoja akijiuzulu, nyumba kama yenu huajiri mwingine bila hata kutangaza nafasi.

Kisha ndipo uende kwa mwanao. Usimkalishe kitako mkitazamana kama mahakamani. Vijana wa umri huu huongea zaidi mkiwa bega kwa bega: mkitembea, mkiosha vyombo, mkiwa safarini, macho yakiwa kwenye kitu kingine. Mwambie: "Ulichosema wiki ile kilikuwa kweli. Tulikutwisha mzigo wetu, nisamehe. Mimi na baba yako tuna jambo letu la watu wazima, hukulisababisha na si lako kulitatua." Ishia hapo. Usimweleze mkopo, usimweleze nani alianza. Na tafadhali usilie mbele yake mpaka aanze kukubembeleza, kwa sababu hapo utakuwa umemtoa kwenye ujumbe ukampa ukasisi. Ya kulia una dada, una rafiki, una mama yako.

Atajibu "Poa." Usimfuate hadi chumbani kutaka zaidi. Mtoto huyu amekaa miezi minane akisoma nyuso zenu, kwa hiyo maneno hatayaamini haraka. Atatazama kama kweli wiki inaisha bila kutumwa, halafu wiki nyingine. Swali lako la kila siku libadilishe. Badala ya "una nini?", ambalo linamtaka ajieleze, muulize kitu kidogo cha kweli, kama yule aliyehamishwa dawati ameishia wapi. Akikujibu kwa sentensi mbili, pokea mbili. Usimwambie "ona, kumbe unaweza kuongea". Huo ndio mlango tuliofunga wazazi wengi kwa mikono yetu wenyewe.

Kama baada ya mwezi na nusu hivi mmeacha kumtuma na bado kichwa kinauma, usingizi haupo na anazidi kujitenga, mpelekeni kwa mshauri nasaha, wa shuleni kama yupo au wa hospitali. Msimpeleke kama mtuhumiwa. Mwende naye wote watatu hata mara moja, ili aone kwamba kinachotibiwa hapo si yeye peke yake.

Na ile fomu ya mdogo wake, nadhani mpaka sasa haina saini. Ichukue na kalamu, ukampe baba yake mkononi.